Kwa nini watu wenye akili huamua vibaya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mazungumzo yanapogeukia namna binadamu anavyoamua: kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hujikwaa palepale alipojikwaa jana, na kama kuna la kufanya. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine nimeyaachia nafasi.

Kufikiri kirazini maana yake nini? Ni kuwa na akili nyingi?

Hapana. Urazini una pande mbili. Upande wa kwanza unahusu imani: unayoyaamini yaende na ushahidi ulio nao, na ushahidi ukibadilika, imani nayo ibadilike. Upande wa pili unahusu matendo: uchague njia inayokufikisha kwenye lengo lako mwenyewe. Hakuna popote paliposemwa kwamba lengo hilo lazima liwe pesa. Mtu anayeacha kazi yenye mshahara mnono ili akae na wazazi wake wazee anaweza kuwa kirazini kabisa. Anayebaki kazini huku akijiambia kwamba wazazi hawamhitaji, wakati anajua wanamhitaji, huyo ndiye mwenye tatizo.

Akili nyingi husaidia kwenye hesabu na mantiki, lakini haisaidii sana pale unapotakiwa kuutilia shaka upande wako. Mwanasaikolojia Keith Stanovich na wenzake wameonyesha mara kadhaa kwamba tabia ya kupima hoja kwa kuegemea upande wetu haipungui sana kwa watu waliofaulu vizuri vipimo vya akili. Ni kama kila mmoja ana wakili kichwani. Mwenye akili nyingi ana wakili hodari zaidi tu, na wakili hulipwa kutetea, halipwi kutafuta ukweli.

Na upendeleo ni nini? Si ni kukosea tu?

Chukua mizani mbili. Ya kwanza inatikisika: leo inazidisha kidogo, kesho inapunguza. Ukipima mara nyingi, makosa yake hufutana. Ya pili imetulia, lakini kila mara inaongeza nusu kilo. Hiyo ndiyo yenye upendeleo. Ukiipimia mara mia hupati ukweli, unapata uongo uleule mara mia.

Neno lenyewe linachanganya watu kidogo, maana katika mazungumzo ya kawaida upendeleo hunuka dhuluma, kama mwalimu anayempa mwanawe maksi za bure. Hapa maana ni pana: fikra kuegemea upande mmoja bila mwenyewe kukusudia wala kujua.

Nani waligundua haya?

Mwanzo wake ni kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya mshindi kupatikana, na humo hesabu za uwezekano zikaanza kushika umbo. Zilizofuata ni karne za kumchora binadamu kama mtu anayepiga hesabu kabla ya kila hatua. Katika miaka ya 1950 Herbert Simon wa Marekani alisema wazi kwamba mtu huyo hayupo: hatuna muda, hatuna taarifa zote, na kichwa kina nafasi finyu, kwa hiyo tunatafuta chaguo linalotosha na kusonga mbele. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978.

Kisha wakaja wanasaikolojia wawili wa Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walioanza kufanya kazi pamoja Jerusalem mwaka 1969. Makala yao ya mwaka 1974 katika jarida la Science ndiyo iliyowasha moto. Katika jaribio lao moja walizungusha gurudumu la namba lililochezewa lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu. Baadaye walimuuliza mshiriki akisie ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilikuwa za Afrika. Waliotokewa na 10, kadirio lao la katikati lilikuwa 25. Waliotokewa na 65 lilikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Umoja wa Mataifa, na washiriki walijua hivyo, lakini namba ya kwanza kuisikia ilikuwa imeshawatia nanga. Kahneman alipata Nobel mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

Nipe mfano ninaoweza kujijaribu nao hapahapa.

Magugu maji yameingia ziwani. Kila siku eneo lake huongezeka maradufu. Yanachukua siku 48 kulifunika ziwa zima. Yalichukua siku ngapi kufunika nusu ya ziwa?

Kama 24 ilikurukia kichwani, usione haya, humrukia karibu kila mtu. Jibu ni 47: jana yake ziwa lilikuwa nusu, leo limejaa. Swali hili ni moja kati ya matatu yaliyoandaliwa na Shane Frederick na kuchapishwa mwaka 2005. Kati ya watu zaidi ya 3,400 waliojibu, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, asilimia 17 tu walipata yote matatu, na asilimia 33 hawakupata hata moja. Hesabu yake ni ya darasa la chini. Kinachokosekana ni ile nukta ya kusita kabla ya kujibu.

La pili linahitaji mtu wa kucheza naye. Mimi nina kanuni kichwani, na namba 2, 4, 6 zinaifuata. Wewe nitajie namba tatu tatu, nitakuambia kama zinafuata au hazifuati, mpaka uigundue. Mchezo huenda hivi:

"8, 10, 12?"
"Zinafuata."
"20, 22, 24?"
"Zinafuata."
"100, 102, 104. Basi nimeshajua, ni kuongeza mbili mbili."
"Hapana."

Hapo mtu hunyamaza na kukutazama kana kwamba umemwibia. Kanuni ni namba zozote zinazopanda. 1, 2, 50 ingefuata pia. Ila hakuna aliyeitaja, kwa sababu kila mtu anataja namba anazotarajia zikubaliwe. Kumbe jibu ambalo lingemfundisha kitu ni "hazifuati", na hakulitafuta hata mara moja. Peter Wason alilifanya jaribio hili mwaka 1960 na watu 29, na ni 6 tu walioitaja kanuni sahihi bila kwanza kutaja ya uongo. Nimeucheza mchezo huu na watu wa kila aina. Ndugu yangu mmoja alitaja seti kumi na moja, zote za kuongeza mbili, na kila "zinafuata" ilimzidishia uhakika.

Upendeleo upi ni mbaya kuliko wote?

Watu hupenda orodha ndefu, na zipo zenye majina zaidi ya mia. Kwa maoni yangu nyingi ni matawi ya mti mmoja: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tunatafuta ushahidi wa kile tunachokiamini tayari, tunaukumbuka zaidi, na unaotupinga tunaupekua kama askari wa forodha. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich amelieleza vizuri: jambo tunalolitaka tunaliuliza kama tunaruhusiwa kuliamini, na tusilolitaka tunaliuliza kama tunalazimika kuliamini. Swali la kwanza halikosi ndiyo, kwa sababu ushahidi mmoja wa kuokoteza unatosha. Swali la pili halikosi hapana, kwa sababu tundu moja dogo linatosha kuukataa ushahidi wote.

Nikiwa na takwimu, si niko salama?

Inategemea takwimu zipi zimewekwa mezani na zipi zimebaki kabatini.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi na mameneja walikuwa kwenye simu wakibishana kama chombo cha anga cha Challenger kiruke asubuhi. Baridi ya kuganda ilikuwa imetabiriwa Florida. Wahandisi kadhaa wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni waliogopa: pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi, na safari ya baridi kuliko zote zilizotangulia ilikuwa ya nyuzi kama 12 za Selisiasi. Wakaambiwa waonyeshe data. Mezani kukawa na safari zilizopata hitilafu kwenye pete. Moja ilikuwa ya nyuzi 12, lakini nyingine ilikuwa ya nyuzi kama 24. Ukizitazama hizo peke yake, hitilafu imetokea kwenye baridi na kwenye joto, kwa hiyo joto halina neno. Mameneja wakaamua chombo kiruke.

Safari ambazo hazikuwa na hitilafu hazikuwekwa mezani. Tume iliyochunguza ajali ilipoziweka zote pamoja, picha ilijichora yenyewe: safari 20 zilirushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 18 hivi, na 3 tu ndizo zilizokuwa na hitilafu. Safari 4 zilirushwa chini ya hapo, na zote 4 zilikuwa nayo. Challenger ilirushwa kwenye nyuzi zinazokaribia sifuri na kusambaratika sekunde 73 baadaye ikiwa na watu 7.

Hakuna aliyedanganya namba. Kila nukta mezani ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana mtu akiniletea orodha ya mafanikio, iwe ya dawa au ya njia ya kutajirika, swali langu la kwanza ni walioifuata njia hiyohiyo na hawakufanikiwa wako wapi.

Kipimo kikisema nina ugonjwa, na kipimo chenyewe kinasifiwa kuwa sahihi, si ndiyo basi?

Bado. Chukua mfano maarufu wa kufundishia. Wanawake 1,000 wasio na dalili wanapimwa saratani ya matiti, na 10 kati yao wanayo. Kipimo kinawanasa 8 kati ya hao 10. Wale 990 wazima nao wamo kwenye foleni, na kipimo kinawakosea kama asilimia 9.6, yaani wanawake 95 hivi. Jumla ya walioambiwa wanayo ni 103, na wagonjwa kweli ni 8. Uwezekano ni chini ya asilimia 8.

Daktari na mtafiti David Eddy alipolipeleka swali la namna hii kwa madaktari, katika andiko lake la mwaka 1982, karibu wote walikisia asilimia 75 hivi. Hawakuwa wajinga. Swali lilikuja katika lugha ya asilimia, na kichwa kikasahau wale wazima wengi waliosimama kwenye foleni. Gerd Gigerenzer wa Ujerumani ameonyesha kwamba ukilileta swali hilohilo kwa kuhesabu vichwa vya watu, kama nilivyofanya hapo juu, wanaolipata huongezeka sana. Majibu ya kipimo chako mwenyewe ni ya kuzungumza na daktari wako, lakini muulize hivi: katika watu 100 walioambiwa kama mimi, wangapi huwa wanaumwa kweli?

Inawezekanaje maneno tu yabadilishe uamuzi?

Kahneman na Tversky, mwaka 1981: ugonjwa unatarajiwa kuua watu 600. Kundi la kwanza liliambiwa mpango A utaokoa watu 200, na mpango B una uwezekano wa theluthi moja kuokoa wote na theluthi mbili kutookoa yeyote. Asilimia 72 walichukua A. Kundi la pili liliambiwa kwa mpango wa kwanza watu 400 watakufa, na kwa wa pili kuna theluthi moja kwamba hafi mtu na theluthi mbili kwamba watakufa wote. Sasa asilimia 78 walikimbilia wa pili.

Soma tena polepole. Ni mipango ileile. Kilichobadilika ni kwamba kundi moja lilionyeshwa faida, na lingine hasara. Kwenye faida tunashika kilicho mkononi, kwenye hasara tunacheza kamari. Wanasiasa na watangaza bidhaa walilijua hili zamani bila jaribio lolote.

Nimeshatumia miaka na pesa nyingi. Niache sasa hivi?

Swali unalotakiwa kujiuliza ni hili: kama ningeingia leo, bila historia yoyote, ningelianza jambo hili? Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichotoka kimetoka, ukiendelea na ukiacha. Serikali za Uingereza na Ufaransa zilikubaliana mwaka 1962 kutengeneza ndege ya Concorde, gharama zikapaa, wateja wakajitoa, nazo zikaendelea. Mwishowe ndege 14 tu ndizo zilizoingia kwenye safari za kibiashara. Hadi leo watafiti hulitumia jina la ndege hiyo kuliita kosa hili.

Wakati mwingine kuendelea ni sahihi, kwa sababu kilichobaki ni kidogo na faida iko mbele. Angalia tu kwamba sababu unazozitaja ziko mbele, zisiwe nyuma yako.

Kwa nini kila mradi huchelewa?

Jumba la Opera la Sydney lilipangiwa dola za Australia milioni 7 na kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973, kwa milioni 102. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Kahneman mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 alikuwa kwenye timu iliyoandaa kitabu cha sekondari, na somo lenyewe lilikuwa kufanya maamuzi. Siku moja aliwaomba wenzake kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kuongea, mradi utakamilika baada ya muda gani. Makadirio yote yalizunguka miaka miwili. Kisha akamgeukia mtaalamu wa mitaala aliyekuwa kati yao: timu nyingine zilizoanza kama sisi zilichukua muda gani? Yule bwana alikaa kimya kwanza. Akasema takriban asilimia 40 hawakumaliza kabisa, na waliomaliza hawakuchukua chini ya miaka saba. Naye dakika chache kabla alikuwa ameandika miaka miwili kama wengine. Alikuwa na habari hiyo kichwani muda wote, ila hakuna swali lililoiita.

Wakasikiliza, wakatikisa vichwa, wakaendelea na kazi kama kawaida. Kitabu kilikamilika baada ya miaka 8 na hakikutumika.

Kwa hiyo hisia ndizo adui?

Hapana. Daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio aliwahi kuandika habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot, aliyeondolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yake ilibaki nzuri na vipimo alifaulu, ila hisia zilikuwa zimepoa. Matokeo yake hakuwa mwamuzi bora: angeweza kupoteza mchana mzima akipima namna ya kupanga makaratasi, na maisha yake yaliporomoka. Bila hisia hakuna kinachouonyesha moyo lipi ni zito na lipi ni jepesi. Tatizo huja hisia zinapokuwa za jambo lingine, kama hasira ya asubuhi inapotoa hukumu ya mchana.

Wataalamu je? Si wanajua kwa kutazama tu?

Wengine ndiyo. Kahneman na Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto, walikuwa na mitazamo inayopingana kuhusu jambo hili, wakaketi kulijadili kwa miaka kadhaa, na mwaka 2009 wakaandika makala moja pamoja. (Laiti wabishi wote wangefanya hivyo.) Walikubaliana kwamba hisia ya haraka ya mtaalamu inaaminika pakiwepo mambo mawili: mazingira yenye mpangilio unaojirudia, na nafasi ya kujifunza kwa kupata majibu ya haraka na ya wazi. Mchezaji wa chesi anayo yote mawili. Anayetabiri siasa za dunia za miaka kumi ijayo hana hata moja, ingawa sauti yake huwa na uhakika zaidi ya mchezaji wa chesi. Philip Tetlock alifuatilia utabiri wa wataalamu 284 kwa karibu miaka 20, na matokeo aliyochapisha mwaka 2005 hayakuwapendeza wengi wao.

Tukiamua wengi, makosa hayapungui?

Hupungua, kila mtu akifikiri peke yake kwanza. Mwaka 1906 mwanasayansi Francis Galton alichukua makadirio 787 ya uzito wa nyama ya ng'ombe dume kwenye maonyesho ya Plymouth, Uingereza. Kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi 1,198. Waliokisia waliandika kwenye tiketi, hawakukaa kwenye kikao ambapo mkubwa anaongea kwanza.

Methali si zilishasema yote haya?

Zilisema, na ndiyo shida. Ukichelewa ukafaulu utaambiwa haraka haraka haina baraka. Ukichelewa ukakosa, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kila tokeo kuna methali inayolingoja mlangoni, na baada ya jambo kutokea tunaona kama tulijua tangu mwanzo. Baruch Fischhoff alianza kulipima hili katikati ya miaka ya 1970: watu waliotabiri yatakayotokea katika ziara ya Rais Nixon nchini China mwaka 1972 waliulizwa baadaye walikuwa wametabiri nini, na yaliyotokea waliyakumbuka kana kwamba walikuwa na uhakika nayo zaidi ya walivyokuwa. Kumbukumbu huipiga pasi historia yetu.

Methali moja naitetea, kwa sababu haimwambii mtu la kufanya, inamweleza alivyo: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunapima hatari kwa urahisi wa kuikumbuka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakapanda magari, na kwa hesabu za Gigerenzer watu kama 1,500 zaidi walikufa barabarani katika mwaka uliofuata.

Nikizijua kasoro hizi zote kwa majina, nimepona?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenda orodha. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu huona upendeleo kwa wenzao kuliko kwao wenyewe, hata baada ya kuelezwa upendeleo huo unavyofanya kazi. Nyani haoni kundule, na kumpa kamusi ya makundu hakumsaidii. Mara nyingi majina haya huishia kuwa fimbo: mwenzangu akinipinga ana upendeleo, mimi nikimpinga nina hoja.

Tafiti hizi zenyewe zinaaminika?

Si zote. Nanga, maneno yanayogeuza uamuzi na mchezo wa Wason vimerudiwa mara nyingi na kusimama. Vingine vimeanguka. Wazo kwamba utashi huchoka kama msuli lilijaribiwa upya mwaka 2016 na maabara 23 zenye washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Utafiti wa mwaka 2011 kuhusu majaji wa Israeli, uliodai kwamba huruma yao huporomoka kadiri muda wa kula unavyokaribia, ulipingwa mwaka huohuo kwa sababu kesi hazikupangwa kwa bahati nasibu. Nawajua watu wanaokisimulia kisa hicho hadi leo. Ni kitamu mno kukiacha. Kahneman mwenyewe alikiri mwaka 2017 kwamba katika kitabu chake cha mwaka 2011, Thinking, Fast and Slow, aliamini kupita kiasi tafiti zenye washiriki wachache.

Basi nifanye nini?

Badili mpangilio wa kuamua, maana kichwa ni kilekile. Mimi hutumia mambo machache.

Naandika. Kabla ya uamuzi mkubwa naandika ninachotarajia, kwa asilimia, na tarehe. Nilipolifungua daftari langu la kwanza baada ya miezi kadhaa, kilichoniaibisha hakikuwa niliyokosea. Ni yale niliyoyaandika "hakika". Mengi hayakutokea, na nilikuwa nimeshajishawishi kwamba sikuwahi kuyasema.

Naanza nje kabla ya kuingia ndani, kama lile swali la Kahneman kwa mtaalamu wa mitaala: wengine waliojaribu hili iliwaendeaje?

Naufanyia mpango uchunguzi wa maiti kabla haujafa. Hii ni mbinu ya Gary Klein. Mnakaa, mnajiambia mwaka umepita na mpango umeanguka vibaya, kila mmoja aandike kwa nini. Aliyekuwa anaogopa kuonekana mkorofi sasa ana ruhusa, hata ana kazi.

Na la Charles Darwin: alipokutana na jambo linalopinga hitimisho lake aliliandika palepale, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka kichwani haraka kuliko yanayomuunga mkono.

Kila uamuzi unahitaji yote hayo?

La hasha. Mchagua nazi hupata koroma. Kwa jambo dogo, au linaloweza kurudishwa nyuma, chukua linalotosha uendelee na siku yako.

Orodha ya faida na hasara inasaidia?

Benjamin Franklin aliipendekeza mwaka 1772 katika barua kwa Joseph Priestley: gawa karatasi mara mbili, andika sababu za pande zote kwa siku tatu au nne, kisha futa zinazolingana uzito mpaka ibaki tofauti. Faida yake kubwa ni hizo siku, kwa sababu sababu hazijitokezi zote siku moja.

Darwin naye aliigawa karatasi yake mwaka 1838, kuhusu kuoa au kutooa. Upande wa kutooa aliweka uhuru wa kwenda atakako na mazungumzo na watu werevu. Upande wa kuoa aliandika, pamoja na mengine, kwamba mke ni rafiki wa kudumu na angalau anamshinda mbwa. Hakufuta chochote wala kupiga hesabu. Chini ya safu moja aliandika kwamba haivumiliki kufikiria kuishi maisha yote kama nyuki asiye na jinsia, kazi na kazi tupu, kisha akaandika oa, oa, oa, na kumalizia kwa Q.E.D., herufi tatu ambazo wanahesabu huziweka baada ya kuthibitisha jambo. Januari mwaka uliofuata alimwoa Emma Wedgwood, na walizaa watoto kumi.